Kupima hali ya kiumbe kilicho hatarini: mwongozo wa anayeanza, kutoka Mombasa

Kaskazi ikianza na maji yakasafika, simu yangu haitulii. Kijana wa kikundi cha mikoko kule Tudor anauliza: "Kaka, hii miti imepungua, tuandike iko hatarini?" Mwanafunzi wa chuo anataka kujua kama kasa bado yuko hatarini, maana amesikia ametolewa kwenye orodha. Mwanachama wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, ananiambia jongoo mchanga, wale jongoo wa baharini, wameisha, aandike nini ili kaunti imsikie? Nimejibu kwa simu, kwa meseji na barazani. Leo nayaandika yote mara moja.

Neno "wamepungua" peke yake si kipimo. Wamepungua kwa kiasi gani, ndani ya muda gani, katika eneo gani, na wewe umejuaje? Ukiweza kujibu manne hayo, kazi umeimaliza. Nadharia yangu inaishia hapo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina la kisayansi la spishi moja. Si kundi, moja.
- Daftari gumu na penseli. Wino ukipata maji ya chumvi unaondoka na kazi yako.
- Simu yenye GPS, betri ya akiba, na mfuko usiopitisha maji.
- Jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari ya Kilindini.
- Kamba ya mita 50, yenye fundo kila mita 5.
- Mtu wa pili. Bahari haina mazoea, na pia hesabu ya jicho moja haina wa kuisahihisha.
- Vibali. Utafiti wowote unahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wanyamapori wana KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, WRTI. Ukitaka kuingia Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, ile iliyotangazwa mwaka 1986, mlango ni KWS. Halafu kuna ruhusa ya BMU ya bandari ile unayoshukia. Ukiikosa hiyo, hutapata mtu wa kukupeleka hata ukiwa na karatasi zote za Nairobi.

Hatua ya 1. Hakikisha jina

Huku kwetu majina yanateleza. "Kasa" ni jina la wote wa baharini, na Kenya wapo wa aina tano, lakini mvuvi mzee akisema kasa huenda anamkusudia yule wa kijani tu. Mwenye mdomo uliochongoka kama wa kasuku atakuambia huyo ni ng'amba. Shuleni "mikoko" ni miti yote ya maji ya chumvi. Mkataji wa Mikindani anajua mkoko ni mmoja, Rhizophora mucronata, na kwamba mchu, mkandaa, mlilana, muia na mkomafi kila mmoja ni mti wake. Jongoo bahari ndiyo usiseme: jongoo mchanga, Holothuria scabra, ana bei yake na hatari yake, tofauti na majongoo wengine waliomo katika gunia lilelile.

Kosa la kawaida ni kuchanganya aina mbili katika safu moja ya daftari. Ukishachanganya huwezi kuzitenganisha tena. Piga picha kila unapotilia shaka.

Hatua ya 2. Weka mpaka wa swali lako

Unapima dunia nzima, Kenya nzima, au hori moja? Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la dunia la uhifadhi wa asili, iliyoanza mwaka 1964, hupima spishi kwa dunia nzima. Nguva katika orodha hiyo yuko daraja la Dhaifu, yaani VU, lililo chini ya Hatarini (EN) na Hatarini Mno (CR). Lakini mwaka 2022 nguva wa pwani ya Afrika Mashariki walipimwa peke yao, wakaonekana wako Hatarini Mno, CR, kwa kuwa wakomavu waliobaki hawafiki 250. Mnyama ni yuleyule, majibu ni mawili, na yote ni sahihi. Atakayekuambia "nguva hayuko hatarini sana, nimesoma mwenyewe" muulize amesoma mpaka upi.

Kwa kasa wa kijani mambo yamegeuka upande mwingine. Mwaka 2025 alitolewa daraja la Hatarini, EN, akashushwa hadi Hana Wasiwasi, LC, kwa dunia nzima. Habari njema, tena ya haki, watu wamelinda viota kwa miaka mingi. Lakini daraja hilo halisemi chochote kuhusu viota vya Nyali na Bamburi, wala halimpi mtu ruhusa ya kula mayai. Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013 inamlinda kasa vilevile.

Onyo: vigezo vya IUCN havikutungwa kwa ajili ya hori moja au ufukwe mmoja. Ukipima Hori ya Tudor, andika "hali ya mahali", usibandike CR wala EN. Ukipima nchi nzima, pima kwanza kama kwamba Kenya iko peke yake, kisha jiulize kama kuna wanaovuka kutoka Tanzania au Somalia na kuzaliana na wa kwako. Wakiwapo wa kutosha, daraja hushushwa kidogo. Kama Kenya inategemea wahamiaji na kule wanakotoka nako wanakwisha, daraja linaweza kupandishwa.

Hatua ya 3. Soma kilichokwisha andikwa

Siku mbili zinatosha. Angalia ukurasa wa spishi yako katika Orodha Nyekundu, rekodi za KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani, na daftari za mapato za BMU. Hizo daftari za BMU zinadharauliwa, na mara nyingi ndizo pekee zinazorudi nyuma miaka 10. Zipige picha kabla ya mende.

Hatua ya 4. Hesabu uwandani

Chagua mistari yako ya kuhesabia kabla hujaona wanyama wako wapi. Ukienda moja kwa moja pale wanapojaa, umeshajidanganya. Nyosha kamba ya mita 50, hesabu mita moja kila upande, hiyo ni mita za mraba 100. Fanya mistari 10 au zaidi, na ukipata sifuri andika sifuri. Sifuri ni data.

Kisha rudia kwa hali ileile: msimu uleule, maji yaleyale, saa ileile. Mwaka wangu wa kwanza nilihesabu jongoo bamvua, maji yamekupwa hadi mwambani, nikarudi baada ya miezi miwili ikawa maji mafu, yasiyokupwa sana. Nikaandika kwa fahari kwamba wamepungua nusu. Mzee mmoja akatazama tarehe tu, hakusoma hata namba, akacheka: "Kijana, wewe umepima maji." Tena jongoo mchanga ana tabia ya kujifukia mchangani sehemu ya siku. Asubuhi na alasiri za siku moja zinaweza kukupa hesabu mbili. Kaskazi ilinganishe na kaskazi, kusi na kusi.

Kwa viumbe wasioonekana ovyo, kama nguva, utategemea watu. Usiulize "zamani walikuwa wengi?" Kila mtu atakuambia ndiyo. Uliza: mara ya mwisho kumwona kwa macho yako ni lini, ulikuwa na nani, mlikuwa na nyavu gani? Miaka huchanganyika kichwani, kwa hiyo funga kumbukumbu kwenye matukio: kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997? Daraja jipya la Nyali lilikuwa limeshafunguliwa? Reli ya SGR ilikuwa imeanza?

Uwe na picha za kuonyesha, na katikati tia moja ya mtego. Mimi hutia ya yule binamu wa nguva wa Afrika Magharibi. Nguva mkia wake umepasuka kama wa pomboo; yule binamu ana mkia wa duara kama upawa. Anayesema amemwona wa upawa hapa Mombasa, mshukuru, kunywa naye chai, na ushahidi wake uweke pembeni.

Waulize wazee na vijana mbalimbali. Kijana wa miaka 20 huona bahari aliyoikuta ndiyo bahari ilivyo.

Hatua ya 5. Tenga wakomavu

Vigezo vya IUCN vinahesabu wanaoweza kuzaa tu. Watoto na vichipukizi hawamo, hata wakiwa elfu.

Mtego mkubwa ni kasa. Tuseme msimu huu umehesabu viota 120. Hao si kasa 120. Jike mmoja huchimba viota kadhaa kwa msimu. Tukichukua vitatu hadi vitano, majike ni kati ya 24 na 40. Na jike hazai kila mwaka, hupumzika miaka miwili hadi minne, kwa hiyo walioko baharini ni wengi kuliko waliopanda fukweni mwaka huu. Madume hawapandi fukweni kutaga, hao huwaoni kabisa. Andika njia yako ya kukokotoa hatua kwa hatua, ili mwingine akitaka kubadilisha namba moja aweze.

Hatua ya 6. Kokotoa kushuka

Kipindi ni miaka 10 au vizazi vitatu, kilicho kirefu zaidi. Kizazi ni wastani wa umri wa wazazi, si umri wa kuanza kuzaa. Nguva huanza kuzaa kwa kuchelewa, hupata mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa, na anaweza kuishi hadi miaka 70. Vizazi vyake vitatu vinapita miaka 60. Ndiyo maana tunawasumbua wazee.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: ya zamani toa ya sasa, gawanya kwa ya zamani, zidisha kwa 100. Kazi iko kwenye kuchagua namba. Chukua mfano huu wa kubuni wa jongoo mchanga. Miaka 10 iliyopita mpiga mbizi alipata 30 kwa siku, leo anapata 9. Kushuka ni asilimia 70. Ungesema daraja la EN, ukafunga daftari.

Ngoja. Uliza alikuwa majini kwa muda wa saa ngapi. Zamani alipiga mbizi kwa muda wa saa tatu akarudi nyumbani; leo hukaa majini kwa muda wa saa sita. Kwa saa moja, zamani alipata 10, leo anapata moja na nusu. Kushuka ni asilimia 85, na hilo ni CR. Wavuvi ni walewale na daftari ni lilelile, ila umeuliza swali moja zaidi. Uliza pia kama sasa wanakwenda maji marefu zaidi au wanatumia mitungi ya hewa, maana hayo huficha kushuka.

Hatua ya 7. Chora ramani

Kuna maeneo mawili, usiyachanganye. La kwanza ni upana wa makazi: kwenye ramani zungushia kamba nukta zako zote za nje, yaani mahali kiumbe alipoonekana, kamba isiingie ndani popote, kisha pima kilichozungukwa. La pili ni eneo linalokaliwa kweli: gawa ramani kwa miraba ya kilomita mbili kwa mbili, hesabu miraba yenye nukta, zidisha kwa 4. Nukta zikiangukia miraba 6, eneo ni kilomita za mraba 24. Programu ya GeoCAT hukufanyia yote mawili bure kwenye kompyuta.

Onyo: mahali pa viota, mapango na miti adimu usipaweke kwenye mitandao. Picha ya simu hubeba nukta ya GPS ndani yake, ifute kabla hujaituma kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 8. Linganisha na vigezo

Viko vitano. Pitia vyote, kisha chukua daraja la juu kabisa lililotokea. Kimoja kikitimia kinatosha.

- A, kushuka kwa idadi: asilimia 80 ni CR, 50 ni EN, 30 ni VU. Kama sababu inajulikana, inarekebishika na imeshakoma, mizani inapanda: 90, 70, 50.
- B, eneo dogo. Upana wa makazi chini ya kilomita za mraba 100 ni CR, 5,000 ni EN, 20,000 ni VU. Kwa eneo linalokaliwa ni 10, 500 na 2,000. Eneo dogo peke yake halitoshi. Unahitaji mawili kati ya matatu: vipande vilivyotengana au mahali pachache, kushuka kunakoendelea, na kupanda na kushuka kupita kiasi.
- C, wakomavu wachache na bado wanapungua: chini ya 250, 2,500 na 10,000, kwa CR, EN na VU. Kuna masharti ya ziada ya kasi na mgawanyo, yasome kabla ya kukitumia.
- D, wachache mno hata kama hawapungui: chini ya 50, 250 na 1,000.
- E, hesabu za uwezekano wa kutoweka. Kama unaanza, kiruke. Kinataka mtaalamu na data ya miaka mingi.

Ile 24 yetu ya hatua ya 7 huwafurahisha wageni: "Iko chini ya 500, ni EN!" Sivyo, mpaka uonyeshe mawili ya B.

Hatua ya 9. Andika shaka yako

Andika namba ya chini, ya juu, na unayoiamini. Ikiwa ya chini inakupa VU na ya juu EN, andika zote mbili na useme umechagua ipi na kwa nini. Data ikikosekana kabisa kuna daraja la Data Haitoshi, DD. Hilo halina maana ya salama. Lina maana hatujui.

Hatua ya 10. Kutoka daraja hadi uamuzi

Daraja linakuambia hatari ni kubwa kiasi gani. Halikuambii ufanye nini wala uanze wapi. Mkoko, kwa dunia, uko LC. Lakini muulize mtu wa Hori ya Mwache kuhusu mikoko iliyokufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mizizi ikafukiwa na tope. Angesubiri daraja la dunia lipande ndipo apande miche, angesubiri hadi leo.

Kwa hiyo chini ya daraja ongeza ukurasa mmoja wenye majibu haya: nini kinawaua, nani anaweza kukizuia, kwa gharama gani, na nani ataumia. Kasa wachanga hufuata mwanga, na taa za hoteli huwavuta nchi kavu badala ya baharini. Kuzima taa zinazoelekea ufukweni msimu wa viota kunawezekana wiki hii. Jarife, ule wavu mkubwa, linalonasa nguva ni suala jingine, kuna mtu anayelisha watoto kwa jarife hilo, na nguva mwenyewe hajui mpaka wa kaunti. Hilo lipeleke KWS na kwa BMU za pwani nzima, usilifanye ugomvi wa bandari moja. Mradi wa ujenzi ukitangazwa karibu na eneo lako, NEMA, mamlaka ya mazingira, hupokea maoni ya wananchi kuhusu tathmini ya mazingira kwa muda maalumu. Ripoti yako yenye tarehe na ramani ipelekwe ndani ya muda huo.

Ukikwama

*Hakuna data ya zamani kabisa.* Anza leo, uite mwaka wa kwanza. Kigezo A kiache. Jaribu B au D.

*Wawili wetu tumepata hesabu tofauti.* Rudieni mstari mmoja pamoja, kwa sauti. Mara nyingi mmoja anahesabu wachanga na mwingine hawahesabu. Tofauti ikibaki, andikeni zote mbili.

*Sijamwona hata mmoja, niseme ametoweka?* Usithubutu. Inatakiwa msako kamili, mahali pote anapoweza kuwa, kwa misimu inayomfaa. Samaki silikanti alidhaniwa amekwisha tangu enzi za dinosari hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na mwaka 2001 mmoja akaingia kwenye wavu hapa karibu, nje ya Malindi. Andika "hajaonekana", na siku ulizotafuta.

*Picha haionyeshi vizuri.* Isihesabiwe. Itunze katika faili yake, huenda mjuzi akaitambua kesho.

*Ofisi imekaa na ripoti yangu kimya.* Hutokea. Yangu moja ilikaa mezani pa mtu mwaka mzima. Siku hizi napeleka nakala kwa mkono, na nakala yangu napigiwa muhuri wa kupokelewa.

*Wavuvi hawataki kusema.* Wana haki. Wengi wameshaulizwa na wageni, halafu eneo likafungwa. Mmoja alininyima neno siku mbili. Siku ya tatu niliacha daftari nyumbani, nikakaa naye kwa kahawa tungu na kashata, tukazungumza mpira na bei ya mafuta ya mashine. Jua lilipoanza kutua akanigeukia mwenyewe: "Shekhe, ile picha ya mwenye mkia wa upawa unayo? Huyo si wa huku. Kaa nikuonyeshe wetu alikuwa akipita wapi."